Mjomba Seif Hajibu

Jumapili, 12 Januari

Printa ya chini imekwama tena. Wanafunzi wanaijia meza yetu ya msaada kana kwamba karatasi zao nimezitafuna mimi. Chuo kinataka maktaba ipunguze karatasi. Sawa, nakubali, miti ni miti. Lakini maprofesa bado wanataka kazi ichapwe na kubanwa pini. Nimewaambia wanafunzi wakawape wao hiyo printa.

Mueni ametandaza simu kuukuu mezani, zile tunazokusanya ili zisitupwe jalalani. Mkenya huyu ana mikono ya daktari. Anasafisha, anabadilisha betri, kisha tunawapa kina mama wa darasa la Jumanne, watu wazima wa mitaani wanaokuja kujifunza. Mama yangu naye alipata yake humo. Tumemwekea herufi kubwa kwa sababu ya macho. Sasa anasoma kila kitu kwa sauti, mpaka tangazo la sabuni.

Ametoka hospitali Alhamisi. Operesheni ya moyo imekwenda vizuri. Daktari amesema mwezi mzima asishtuliwe, na darasani asiende. Amenuna. Kinachomtuliza ni Mjomba Seif tu, kaka yake wa Unguja, ng'ambo ya bahari, wa mwisho aliyebaki katika tumbo lao. Kila asubuhi wanatumiana ujumbe wa sauti. Anamsimulia kila kitu, mpaka bei ya samaki.

Jumatano, 15 Januari

Mjomba Seif amefariki. Alfajiri, Unguja, akitawadha.

Nimeliona tangazo kwenye kundi la ukoo nikiwa njiani kwenda kazini. Nimegeuza gari. Kabla sijafika nyumbani, kaka yangu Nassor akapiga. Mama asiambiwe. Moyo wake bado mbichi. Yeye atawapigia jamaa wote, wasimwandikie kitu. Mimi naijua simu yake, basi niishughulikie.

Nimeishughulikia. Mama alikuwa anaoga. Nimefuta tangazo, nikalificha kundi, nikalizima lisilie. Kazi ndogo, nawafanyia wanafunzi kila siku, wale wanaotaka kusoma bila kelele.

Mama akatoka, akauliza mbona nimerudi. Nikasema kichwa. Akanikalisha chini, akanikanda kwa mafuta ya nazi. Nikalia. Alidhani ni maumivu.

Alhamisi, 16 Januari

Azaa, kikao cha kupokea pole, imewekwa Amerat, kwa binamu yetu Shamsa, nyuma ya milima, mbali na kwetu Hail. Mama nimemwambia nina mafunzo kazini.

Kila niliyempa mkono aliniuliza mama yuko wapi. Nikaeleza. Wakatikisa vichwa, wakasema tumefanya vizuri, maskini. Bi Zuwena peke yake, shoga yake mama tokea Unguja, alininong'oneza: "Seif azikwe, dadake asimlilie?" Nikamwambia ni moyo. Akasema haya, mwanangu, akageuza uso.

Na mimi nilikuwa nampenda Mjomba Seif. Leo sikupata nafasi ya kumlilia. Nilikuwa nachunga saa nisichelewe kurudi.

Jumatatu, 20 Januari

Mama anasema Seif hajibu. Kuna alama moja tu, na alama moja maana yake ujumbe haujafika. Nilimfundisha mwenyewe. Wiki iliyopita nilisingizia umeme wa Unguja. Leo hakukubali.

Nikasema simu ya Mjomba imeingia maji. Nikaongeza ndoo: ilimponyoka mfukoni akiteka maji, ikatumbukia ndooni. Uongo ukiutilia ndoo unaaminika.

Alicheka mpaka akashika kifua. "Seif huyo! Tokea mdogo hana mikono." Nikacheka naye. Najichukia.

Ijumaa, 24 Januari

Bado anamrekodia. Anasema Seif atayasikiliza maneno yote akipata simu nyingine.

Leo nilikuwa jikoni, namsikia sebuleni. Anamwambia amekwenda mpaka mlango wa nje bila kushika ukuta. Anamuuliza kama goti lake bado linauma. Halafu akanyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake aseme. Mchuzi ukaniungulia.

Jumapili, 2 Februari

Daktari amefurahi. Mama apande ngazi, atembee, hata harusini aende. Ametoka chumbani kwa daktari kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Nilimpigia Nassor tukiwa hatujaondoka hospitali, mama kakaa kwenye gari. Leo tumwambie, nikasema. Akasema Ijumaa ni harusi ya Maryam, binti yake. Bibi harusi hawezi kuingia ukumbini bibi yake analia. Tungoje iishe.

Nikamkumbusha tulificha kwa ajili ya moyo, na moyo umepona. Akasema nisiwe mkaidi, ni siku chache tu. Sasa si moyo tena, ni harusi. Na mimi ninayegombana na maprofesa kwa ajili ya pini, kwa kaka yangu nimenywea.

Ijumaa, 7 Februari

Harusi imekwisha. Mama alipakwa hina mikono yote miwili, maua mpaka kwenye vidole. Alivaa dhahabu yake yote. Alipendeza, wallahi.

Ukumbi mzima wa wanawake ulijua. Kila meza. Walikuja kumbusu mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa muda mrefu, wakamtazama kupita kiasi. Wengine niliwaona wanafuta macho wakimpa mgongo. Bi Zuwena hakuja kabisa.

Mama alipiga makofi, akapiga vigelegele, akavirekodi ili amtumie kaka yake. Hapo nikatoka. Nilikaa ndani ya gari langu, nguo za harusi, vioo nimefunga, nikalia mpaka wanja ukamiminika.

Wakati wa kurudi alisema watu leo walikuwa wapole mno kwake. Akasema ni kwa sababu ya operesheni, kumbe wanampenda.

Jumatatu, 10 Februari

Nimempigia Nassor. Anasema Maryam na mumewe warudi kutoka fungate kwanza, ili na wao wawepo.

Nimemkatia simu.

Nimepanga kumwambia mama mwenyewe, Alhamisi, nikitoka kazini mapema. Kesho siwezi. Kesho ni siku ya kutengeneza vitu maktabani, watu watajaa.

Jumanne, 11 Februari

Sijui nianzie wapi.

Tuliita siku hiyo Tengeneza, Usitupe. Watu walileta birika za umeme, redio, kompyuta zilizovunjika bawaba. Mueni na mafundi wawili wa kujitolea kutoka mtaa wa Darsait walikuwa hawapumui. Mimi nilikuwa nimeinamia printa, nachomoa karatasi iliyokwama, mwanafunzi kanisimamia kichwani.

Mama akaingia. Dereva wa Nassor ndiye aliyemleta. Mama hakuniambia anakuja, alitaka kunishangaza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mueni.

"Mama! Umepotea sana," Mueni akasema. "Tulikuwa tunakuombea."

Mama akamweleza shida yake. Anataka simu moja katika zile zilizotengenezwa, ya kumpa kaka yake, kwani ya kwake imeingia maji. Na anatafuta mtu anayesafiri kwenda Unguja wa kumpelekea. Angeuliza kwenye kundi la ukoo, lakini kundi limenyamaza, hajui limepatwa na nini.

Nililisikia hilo. Nikainuka. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya printa, bangili ikanasa.

Mueni alikuwa ameshaishika simu ya mama. "Hii kundi haijanyamaza, mama. Imefichwa tu. Mtu akigusa vibaya inaingia huku chini. Ngoja nikurudishie."

Mueni hakujua. Sikumwambia, niliona haya. Na mimi nilifuta lile tangazo la kwanza tu. Yaliyofuata niliyaacha, nikadhani kuficha kunatosha.

Mama akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama tunavyosoma darasani.

"Khitma ya marehemu Mjomba Seif itakuwa Ijumaa baada ya laasiri."

Akarudi mwanzo. Akasoma tena.

Bangili ilikatika, nikafika. Hakuanguka. Hakupiga ukelele. Moyo ule tulioulinda kama yai haukufanya lolote. Aliomba maji. Mafundi wakaacha kazi, hawakujua kuna nini lakini wakaacha.

Aliniuliza kitu kimoja: lini. Nikamwambia. Akahesabu nyuma, polepole, kwa vidole.

"Kabla ya harusi."

Nikasema ndiyo. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Na nyinyi mkanipaka hina."

Nilimrudisha nyumbani mimi. Alikaa kiti cha nyuma.

Mueni amenipigia jioni, analia. Kwa nini sikumwambia? Angeiacha hiyo simu. Nimemwambia si kosa lake, na ni kweli.

Jumatano, 12 Februari

Sikwenda kazini. Mama amesugua mikono kwa ndimu na chumvi tangu asubuhi. Hina haitoki. Viganja vimechubuka. Nilimletea mafuta, akayaweka pembeni.

Anakula. Anasali. Anameza dawa zake. Kusema na mimi ndiyo hakuna.

Nassor alikuja, akambusu kichwa, akapiga magoti. Akaeleza habari ya daktari, ya mshtuko, ya hofu yetu. Harusi hakuitaja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza nani aliyeshuka kaburini kumpokea Seif. Nassor hakujua. Akauliza nani aliyemkosha kabla ya sanda. Hakujua vilevile. Mama akamwambia basi, nenda.

Mimi pia sijui. Hatukuuliza. Tulikuwa tumeshughulika na kuficha.

Jumamosi, 15 Februari

Mama ameweka azaa yake.

Nassor alisema haifai, azaa ni siku tatu, na watu walishatoa mkono wa pole. Mama akamjibu akiwa amesimama, sauti ya chini: "Kwangu miye Seif kafa Jumanne." Ikawa ndiyo hivyo.

Alikaa sebuleni, kanga nyeusi, hana hata pete. Bi Zuwena alifika wa kwanza, wakakumbatiana, na hapo ndipo mama alipolia. Nilikuwa sijawahi kusikia kilio kile. Kilimtoka kwa vipande, kama mtu anayevuta kamba ndefu kisimani. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na birika la kahawa, sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Wale wa harusini walikuja, si wote, macho chini. Kina mama wa darasa la Jumanne wakaja wote. Waliambizana kwa simu zao, kwa herufi zile kubwa. Wengine hata Unguja hawaijui, Kiswahili chenyewe hawasemi, wamekuja wakasoma Yasini.

Mueni alikuja baada ya laasiri, mtandio kaufunga kama anakwenda kanisani. Alitaka kuomba msamaha mlangoni. Mama akamwita akae karibu yake.

"Wewe hukunkosea, mwanangu. Wewe ndo uliyenambia."

Mueni akalia, mama akamlaza begani kwake. Nikawamiminia kahawa. Nimeona wivu, nauandika kama ulivyo. Hakuna aliyenipa mimi pole. Sikuistahili, lakini nilikuwa naitaka.

Jumatano, 19 Februari

Mama amesema na mimi. Ameniuliza kama gesi imekwisha. Nikasema bado. Nilifurahi siku nzima kwa hilo, mjinga mimi.

Alimpigia mke wa Mjomba, Unguja. Walizungumza kwa muda mrefu, chumba kimefungwa. Nadhani sasa anajua nani aliyemkosha. Hakuniambia, na mimi sina uso wa kuuliza.

Jumanne, 25 Februari

Mama amerudi darasani. Alikaa meza ya Mueni, si yangu. Niliendelea na kina mama wangu, tukajifunza kutuma picha. Mara mbili tatu nilimsikia anacheka na Mueni, kicheko kidogo. Nilishukuru Mungu kwa hicho kicheko.

Baada ya magharibi nilitaka kuangalia miadi yake ya daktari. Simu ilikuwa juu ya meza, yeye yuko kwenye mswala. Nikaichukua kama ninavyoichukua siku zote. Ikaniomba namba ya siri.

Simu ya mama haikuwa na namba. Nilikuwa nimemwachia wazi makusudi, asije akaisahau.

Sikubahatisha hata moja. Nikairudisha mezani, nikakaa. Alipomaliza akaukunja mswala, akaja akaichukua simu. Akanigeuzia bega, akabonyeza polepole, kidole kimoja. Akasoma kwa sauti: Alhamisi, saa nne asubuhi. Kisha akaifunga, akaitia mfukoni.

Nikamwambia nitampeleka. Akasema inshallah.

Nikaenda kupasha mchuzi.