Baba anapika pipi za harusi yangu, nami kila siku namwambia ni tamu

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie, na tafadhali usinicheke, maana tatizo langu ni pipi. Najua wanaokuandikia wana waume walevi na mawifi wenye maneno mengi, na mimi namshukuru Mungu mchumba wangu ni mtu wa akili zake, fundi friji, hanywi, hagombani na mtu, na harusi yetu imekaribia, kadi zimeshagawiwa, gauni liko kwa mshonaji linapunguzwa kiuno, na kilichobaki ni meza ya pipi, ile wanayoiweka siku hizi pembeni ya ukumbi, mitungi ya vioo imepangwa imejaa pipi za kila rangi na kila mgeni anajichotea kwenye kifuko chake anakwenda nacho nyumbani. Meza hiyo ndiyo inayoninyima raha.

Baba yangu ni fundi pipi. Simaanishi kwamba anauza tu, namaanisha anazipika mwenyewe katika chumba cha uani nyuma ya nyumba yetu, mtaa mzima umekua na pipi zake mashavuni, na kwa kuwa mama alifariki kabla sijaanza shule, mimi nimelelewa humo humo, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali na moto, nikimtazama. Mshauri, sijui kama umewahi kumwona mtu akivuta shira. Sukari inachemka kwenye sufuria ya shaba, mwanzoni mapovu yanapasuka haraka haraka, baadaye yanakuwa mazito na mavivu, na Baba anainamisha kichwa anayasikiliza, hana kipimo chochote mkononi, halafu anasema "Haya" peke yake na kuzima moto. Anaimwaga juu ya jiwe la marumaru, anaitilia matone yake ya ladha akiyapima kwa pua tu, anaikunja ingali inaunguza, anaitundika kwenye kulabu ya ukutani na kuanza kuivuta, inashuka mpaka kifuani pake, anairudisha juu, anaivuta tena, na ile sukari iliyokuwa ya kahawia inaanza kung'aa mbele ya macho yako, inageuka nyeupe taratibu, nyeupe ya fedha, bila kutiwa kitu kingine chochote ila hewa na nguvu za mikono ya mtu. Nimeliona jambo hilo tangu nikiwa mtoto wa kigoda na mpaka leo linaniacha mdomo wazi.

Sasa mwaka jana Baba aliugua mafua makali, akalala kitandani muda mrefu, akapona, tukashukuru. Siku moja narudi kutoka kazini nasikia harufu ya maziwa yanaungua tangu getini, naingia jikoni, maziwa yamefurika yamekuwa meusi juu ya jiko, na Baba ameketi pale pale, ameligeuzia jiko mgongo, anamenya viazi huku anaimba. Nikapiga kelele, "Baba, maziwa!" Akageuka, akayatazama, akasema, "Ah, hili jiko lina haraka siku hizi." Kuanzia hapo nikawa namchunguza, nikamwona anakula mchuzi uliochacha bila kukunja uso, nikamwona anatia chumvi kwa kuhesabu vijiko na haonji, nikajua pua imeondoka na ulimi umeifuata. Yeye hajasema neno, na mimi sijathubutu kuuliza. Tangu augue amekuwa akipika pipi nyeupe tupu, za sukari, na wateja wakiulizia za ndimu anawaambia ndimu zimeadimika.

Lakini harusi ya binti yake ni kitu kingine. Alisema, "Meza ya mwanangu haikai pipi ya dukani hata moja," akapanda kwenye kiti, akazishusha chupa zake zote za ladha kutoka rafu ya juu, akazipangusa vumbi na akaingia kazini kama kijana. Na amekuwa na jambo jipya, Mshauri, ananionjesha. Baba yangu tangu nimjue hakuwahi kumwonjesha mtu pipi kabla haijapoa na kukatwa, alikuwa akisema fundi hana haja ya ulimi wa jirani, lakini sasa anakata kipande kingali cha moto, anakipuliza, ananiwekea kiganjani na kuniambia, "Onja, bibi harusi." Nikaona ananidekeza kwa kuwa naondoka.

Alianza na ndimu. Niliitia mdomoni nikahisi ulimi wote umekufa ganzi, haikuwa ukali wa ndimu, ilikuwa uchungu wa dawa, na yeye amesimama mbele yangu ameshika mkasi ananitazama usoni, macho yote kwangu, na mimi nikasema, "Tamu, Baba, kama za zamani." Akacheka kwa furaha, akapika mitungi mizima ya hizo hizo. Ikaja tangawizi. Hiyo ilinitoa machozi, Mshauri, machozi ya kweli yanayotiririka, na Baba alipoyaona akaweka mkasi chini akasema, "Usilie mwanangu, huendi mbali," naye akaanza kujifuta macho kwa aproni, tukasimama pale tunalia wote wawili, yeye analia kwa ajili yangu na mimi nalia kwa ajili ya tangawizi, na ningemwambiaje saa ile?

Shangazi yangu, dada yake Baba, alionja moja jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni pipi au dawa ya kuchua mgongo?" Mama mkwe mtarajiwa alipokuja kutusalimu alipewa ya ndimu, akaitia mdomoni, akasema ngoja nikaangalie maua yenu pale nje, akarudi mdomo mtupu. Ni mtu wa heshima sana. Wakati namsindikiza akanishika mkono akasema, "Mwanangu, sitaki kumvunjia mzee heshima, lakini niruhusu ninunue pipi za kiwandani, zile za karatasi ya dhahabu, zifanane na vitambaa vya ukumbi," na anasubiri jibu. Mchumba wangu anasema tuweke za dukani mbele na za mzee nyuma, mambo yaishe.

Na ungeziona, Mshauri! Sijapata kuona pipi nzuri hivi hata yeye mwenyewe hajawahi kupika za namna hii. Michirizi ya kijani imezunguka ndani ya weupe, myembamba kama uzi, imekwenda sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kipande, na mitungi ikipigwa na jua la dirishani chumba kizima kinapata rangi. Jirani alikuja kuazima ngazi, akasimama mlangoni akasahau alichofuata. Mikono yake haijapoteza kitu, imezidi.

Jumamosi anapika za mwisho, za waridi. Hizo alimpikia mama wakati anamchumbia, na tangu mama afariki hakuzipika tena. Ladha iliyobaki iko chini kabisa ya chupa, ya kupika mara moja tu. Nikisema ukweli naogopa atatundika aproni yake, akae barazani asifanye kitu tena mpaka Mungu amchukue. Nikinyamaza, watu waliokua na pipi zake watazitema mbele ya macho yake siku ya furaha yangu. Nikikubali za mama mkwe, ni kama nimemwambia Baba afunge chumba chake. Nampenda baba yangu kuliko ninavyoweza kuandika. Niweke pipi gani kwenye ile meza?

Ni mimi,
Binti wa Fundi Pipi

*

Binti wa Fundi Pipi,

Sijakucheka, isipokuwa pale kwenye tangawizi, na pale nisamehe. Barua yako niliifungua nikiwa na kikombe cha chai, na nilipofika mahali sukari inapogeuka nyeupe nikakisahau kikombe. Nimekula pipi tangu nina meno ya utotoni, nimekaa kwenye harusi mpaka viti vya ukumbi vinanijua, na sikujua kamwe kwamba ule weupe ni hewa na mikono ya mtu. Nimeinuka nikaenda kumsomea mume wangu, naye si mtu wa kushangaa ovyo, akaniambia, "Hebu soma tena."

Pole yangu umeipata. Sasa tugombane.

Unasema unamwonea baba yako huruma. Huruma ya wapi hiyo? Mtu haoni vizuri, amekushika mkono anakuuliza kama mbele kuna shimo, wewe unamjibu twende tu, njia ni safi. Mitungi ya ndimu hakuiharibu yeye. Alipika kidogo, akasimama na mkasi wake, akakuuliza, na angeacha hapo hapo kama ungekunja uso. Umeiharibu wewe, kwa neno moja, tamu.

Na unanishangaza unaposema hajakwambia. Hebu rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Fundi ambaye maisha yake yote hakutaka ulimi wa jirani, leo anakata kipande cha moto, anakipuliza, anakuwekea kiganjani na kukukodolea macho usoni. Wewe unadhani unadekezwa. Mwanangu, mzee ameshakwambia kila kitu! Wanaume wa rika lake hawakai kwenye kochi wakasema nimepoteza ulimi, nisaidie. Amesema kwa njia aliyoiweza, na kati ya watu wote wa mtaa ule amekuchagua wewe. Hakuogopa kukuonyesha. Wewe ndiye uliyeogopa kutazama.

Unahofia atatundika aproni. Sikubaliani nawe. Mtu aliyeugua, akapona na upungufu, akatafuta mwenyewe namna ya kuendelea kwa pipi nyeupe na uongo mdogo wa ndimu kuadimika, kisha akapanda kwenye kiti kushusha chupa zote kwa ajili ya binti yake, huyo hatafuti pa kukaa. Anatafuta msaidizi. Kitakachomtundikisha aproni ni kumwona mgeni anatema pipi ukumbini, na kujua kwamba mwanawe alijua.

Kwa hiyo leo, ukishamaliza kusoma hapa, nenda uani. Usingoje Jumamosi, maana shira haisubiri watu wamalize kulia. Chukua pipi moja ya ndimu, itie mdomoni mbele yake, kisha iteme. Usizunguke na maneno ya "Baba, usikasirike." Mwambie, "Baba, hii ni chungu, imezidi, na nilikudanganya kwa kuwa nakupenda na kwa kuwa ni mjinga." Mvumilie. Anaweza kukukaripia, na ukikaripiwa kaa kimya, umestahili. Halafu muulize kama zile za ndimu na tangawizi zinaweza kuyeyushwa upya pamoja na sukari mpya. Yeye ndiye fundi, mimi sijui, lakini najua mtu akiulizwa jambo la kazi yake hurudi kwenye kazi yake. Tena mwambie aanze na tone moja, akunje, uonje, ndipo aongeze. Umesema ladha anaitia wakati shira iko juu ya jiwe, basi nafasi ya kuonja ipo pale pale.

Mama mkwe wako ni mwanamke wa kushukuriwa, si wengi wangetoka kwenda kuangalia maua. Mpe kazi. Anunue chokoleti na jeli za watoto, vitu ambavyo baba yako hapiki, na vikae mbali na taa kali visije vikayeyuka. Baba atanuna kwa sababu alisema pipi ya dukani haikai, mwache anune, atazoea. Pipi za mnanaa, kama zitakuwepo, zikae kwenye mtungi wenye kifuniko, la sivyo meza yote itanuka mnanaa. Shangazi yako mkabidhi karatasi za kufungia, azifunge moja moja zisigandane, aache kuchekesha watu jikoni. Na huyo mchumba wako wa za dukani mbele na za mzee nyuma, mwambie tumesikia, lakini mzee si kitu cha kufichwa nyuma ya karatasi ya dhahabu. Za baba zinakaa katikati, mahali jua au taa itazipiga, na kila mtungi uwe umepita ulimini mwako kwa haki.

Sasa nije kwenye waridi, na hapa naandika polepole. Ile ladha imo kichwani mwa baba yako, haipo mahali pengine popote duniani. Mama yako amekwenda nayo, wewe ulikuwa mdogo, chupa yenyewe haijui kitu. Yeye anaikumbuka na hawezi kuionja. Wewe unaweza kuionja na huikumbuki. Nimekuwa nikijibu barua kwenye ukurasa huu muda mrefu, sijawahi kuletewa watu wawili walionyimwa namna hiyo na kupewa namna hiyo kwa wakati mmoja, na nakiri kalamu niliiweka chini kwanza.

Jumamosi usikae kwenye kigoda cha mlangoni. Simama karibu naye, penye jiwe. Akitia tone, onja. Atakuuliza mambo utakayoyaona ya ajabu, kama inayotangulia ni sukari au ni waridi, kama iko mbele ya ulimi au iko kooni, kama ikiisha inaacha kitu au haiachi. Mjibu kila moja kama ilivyo. Ikiwa bado, sema bado, hata uso wake ukikuomba useme vingine. Na ikifika mahali umemwelezea unachokionja, akaacha kuuliza, akageukia ukuta akakupa mgongo, usimsemeshe. Mmeipata.