Sahani ya Pepo wa Bibi

Jumamosi, 2 Agosti
Nimekuna nazi. Nimefua sare. Mama shamba, Bibi kalala. Madamu Neema, mwalimu wetu wa Kiingereza aliyepanga chumba cha uani, kaja jikoni kujipakulia. Akashusha sahani ya juu ya rafu. Ile ya maua ya buluu. Humo hali mtu ila pepo wa Bibi, siku akimpanda. Madamu katoka Songea, atajuaje?

Nilisimama na upawa. Lugha mbili kichwani, mdomoni hata neno. Akala mhogo wa nazi, akausifu, akaondoka. Nimeiosha, nikaiosha tena. Nimeirudisha. Mwoga mimi.

Jumapili, 3 Agosti
Hakuna kitu. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 7 Agosti
Ngoma ya Bibi. Kaletwa mama mgonjwa kutoka Bwejuu, pepo amtibu. Ubani, marashi, sahani katikati ya mkeka. Pepo hakuja. Hajawahi kuacha kumjia Bibi tangu usichana wake. Bibi kamwita mpaka sauti ikakauka. Mgonjwa karudishwa vilevile.

Jirani yetu Bi Tatu akapiga kigelegele: "Shoga, umeachwa bila talaka!"

Wakacheka wote. Bibi pia. Nilimwona macho. Najichukia.

Jumapili, 10 Agosti
Bibi hali. Anasukumasukuma tonge, basi.

Madamu alikuwa anafua, anaimba. Wimbo wa Bibi wa kumwitia pepo! Maneno ya zamani, hata Mama hayajui. Na Alhamisi Madamu hakuwepo, alikuwa semina Kilindoni.

"Halima, nani ananipulizia marashi chumbani?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Nilijua.

Bibi akijua pepo yuko wapi, atamwomba radhi arudi, maadamu Madamu yuko hapa. Kesho nasema.

Jumanne, 12 Agosti
Sijasema. Nilifika mlangoni kwa Bibi. Shikamoo. Marahaba. Nikatoka.

Madamu anarukaruka uani, uhamisho aliouomba umetoka. Keshokutwa anaondoka.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimembebea begi mpaka gatini. Njia nzima nimelitafuta neno la kuanzia. Akanikumbatia. Ananukia marashi ya Bibi. Akapanda boti anaimba. Nilipunga mkono. Ndicho nilichoweza.

Jumamosi, 16 Agosti
Leo nimemwambia Bibi yote. Nililia kabla sijamaliza. Nilidhani atanilaani.

Kauliza kitu kimoja tu. "Alipopanda boti, alikuwa anaimba?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hajambo," akasema. Sikujua anamsema nani.

Mchana kapakua mwenyewe, wali na kisamvu. Chakula changu kakitia kwenye sahani ya maua ya buluu. Nikarudi nyuma.

"Kula, mjukuu wangu. Sahani tu hiyo."

Nimekula. Yeye alikuwa ananitazama. Kisha kaiosha, kaipanga na zingine.