Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Kaplong, Jumanne, Mei 1996

Ati fundi! Fyuzi ya ekstensheni ya saluni iliungua jana. Shemeji yangu Wesley akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akairudisha kwa plagi. "Haitaungua tena, shemeji." Kweli. Leo iliyoanza kuungua ni waya.

Draya mbili, wati 1000 kila moja. Birika la umeme 2000. Jumla 4000, na mwisho wa plagi ile ni 3120. Mimi niliachia darasa la saba, na hesabu hiyo naifanya nikisuka nywele. Yeye na chuo chake!

Mteja wangu Mama Chebet alikuwa chini ya draya harufu ilipoanza. Nikazima ukutani, nikagusa waya: moto kama sufuria.

"Ni nywele yangu inaungua?"

"Hapana mama, ni akili ya mtu."

Kesho naweka fyuzi mpya, na draya haiwaki kabla birika halijazimwa.

Lakini jana nilimwona akizungusha ile karatasi, nikanyamaza kwa sababu wateja walikuwa wanangoja. Nyuma ya ukuta wetu wa mbao hulala mtoto wa jirani, wa miezi minne. Huyo sikumhesabu.