Kichupa cha Mama

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Huku sote tu wazima isipokuwa mama. Nina jambo ambalo hadi jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Barua hii nimeianza mara tatu, nikaichana.

Unajua alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa titi ili kipimwe. Muuguzi alinikabidhi kichupa, kinyama kikielea kwenye dawa ya kukihifadhi, nikipeleke maabara siku ileile. Nikakipeleka. Wiki mbili baadaye daktari alituita, akasema ni saratani, lakini kipimo cha kuonyesha tiba itakayomfaa kimeshindikana. Fundi wa maabara alitueleza kwamba wao hupaka kingamwili zenye rangi, nazo hushika alama fulani kwenye chembe za nyama. Safari hii rangi haikushika popote, hata pale inaposhika siku zote, maana nyama ilikuwa imeanza kuharibika. Itabidi akatwe tena.

Mama akakataa katakata. Alisema yeye si mkate, akatwe kila mtu anapotaka kuonja. Alisema wale ni wababaishaji, hatawapa mwili wake mara ya pili. Shangazi akamuunga mkono. Mimi nikainamia kitabu, ukurasa uleule tangu asubuhi. Tangu siku hiyo situlii. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda.

Dada, si maabara. Ni mimi. Njiani nilikifungua kichupa nione. Harufu ikanichoma macho, nikageuza uso, kichupa kikainama, dawa karibu yote ikamwagika. Niliona haya kurudi kwa muuguzi. Nikajaza maji ya bomba. Kwa macho, huwezi kujua.

Jana baada ya shule nilikwenda maabara nikamweleza fundi. Hakunigombeza; aliuliza maji yalikuwa kiasi gani, akaandika. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, shangazi akiwepo. Shangazi akasema kweli kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama akauliza kliniki wanafungua saa ngapi. Nikamjibu saa mbili.

Leo nimemsindikiza. Amekatwa tena. Kichupa amekipeleka muuguzi mwenyewe, nami nimembebea mama mkoba hadi nyumbani. Bado hasemi nami.

Wasalimie wote hapo. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba