Raia Wangu Tumboni mwa Krismasi

Kilema, Moshi

Dada yangu Eliza,

Shika karatasi hii kwa mikono miwili, maana imeandikwa na mkubwa. Hakuna mkuu wa mkoa mwenye watu wengi kama mimi, tena wangu wote wanakaa kwenye tumbo moja. Nikichelewa kuwapa chakula, wanaandamana.

Shikamoo lakini. Mgongo wa mama umepoa? Mvua imefika huko Singida, au bado mnaangalia mawingu yakipita? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ilitumbukia kwenye ndoo ya ng'ombe. Usicheke.

Huku ng'ombe hawachungwi. Wanakaa bandani katikati ya migomba kama maharusi, chakula kinawafuata. Mimi niliyekulia nyuma ya mikia, eti siku nzima nakatakata migomba kwa panga! Hakuna hata wa kumpigia mluzi akajibu. Bibi Apolonia, mwenye ng'ombe, ni mtu mwema, lakini wageni wake wakija ni Kichagga tu, mimi nacheka wakicheka. Kwa hiyo naongea na Krismasi, ng'ombe wake. Ndiye yule mwenye mimba: bibi aliahidi ndama akizaliwa ni wangu, nimpelekee mama.

Basi mwezi uliopita Krismasi akaacha kula. Hacheui, anasaga meno, anaharisha, kinyesi kinanuka uchachu. Bwana mifugo akaja, akabandika sikio ubavuni. Tumbo halingurumi.

"Kijana, unadhani unamlisha nani hapa?"

"Ng'ombe."

"Hapana. Humo ndani mna bakteria, hawahesabiki. Unawalisha wao, wao ndio wanayavunja majani, ndipo ng'ombe anashiba. Huyu kala mahindi mengi kwa mkupuo. Tumbo limechacha kama pombe ya mbege, bakteria wa majani wamekufa."

Dada, mimi niliishia darasa la sita, lakini hilo limenikaa kuliko yote ya mwalimu. Miaka yote ile, kumbe tulikuwa tunachunga mifugo ndani ya mifugo!

Akamnywesha maji ya magadi kutuliza ule uchachu. Halafu akanituma machinjioni Himo nikachukue maji ya tumbo la ng'ombe mzima aliyechinjwa muda huohuo, tuyachuje, tumnyweshe Krismasi apate bakteria wapya. "Yasipoe," akasema. "Yakipoa, umeleta maiti." Nikalifunga dumu la maji hayo tumboni kwangu, koti juu, nikapanda bodaboda. Dereva akaziba pua.

"Oya, umebeba nini wewe?"

"Raia," nikamwambia. "Endesha taratibu."

Kutoka Himo mpaka huku juu nimelikumbatia. Lilikuwa na joto kama mtoto aliyelala. Tangu nije huku sijakumbatia kitu chenye joto, dada. Nilitamani njia isiishe.

Siku ya tatu Krismasi akacheua. Bibi akapiga vigelegele, akaniita mwanangu, akanipikia mtori, ile supu yao ya ndizi. Sasa kila asubuhi nafika bandani nauliza, "Habari za humo ndani?" Bibi anapaza sauti toka jikoni, "Unaongea na nani wewe?" "Na wananchi, bibi." Anasema nitafute mke.

Msalimie mjomba Yona fundi baiskeli, mwambie pampu yake ninayo mimi, aache kuwasingizia majirani. Na shangazi Tabitha wa kwaya, mwambie Wakatoliki wa huku wanamshinda kuimba. Atakasirika, lakini ndiyo raha yenyewe.

Sasa hili usiwasomee wengine. Krismasi amepona, ila mimba ilitoka. Ndama alikuwa jike. Tulimfukia kwenye migomba. Bibi akanishika bega, akasema, "Si kosa lako. Ng'ombe mwizi huyu, kukata kamba mpaka kuingia stoo ya mahindi!"

Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Hakukata kamba, dada. Mahindi nilimjazia mimi kwenye hori, kwa mikono yangu, nikakaa pembeni nikimtazama anavyokula. Nilitaka ndama wa mama azaliwe mkubwa. Bibi hajui mpaka leo, na mtori wake nimeula wote.

Mwambie mama aache kukata miti ya banda la ndama.

Mdogo wako,
Zakayo