Aliyesajili Juu ya Function Yangu

Jumamosi. Upepo wa hapa kwetu Mkonze umeamka vibaya, vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nimejifungia chumbani tangu nirudi kutoka shule jana. Mama anadhani naumwa, na sijamkatalia.

Siumwi. Nimeuzwa.

Mnaonisoma mnajua sijui kusema mbele za watu. Hata jibu ninalolijua linanikwama kooni. Ndiyo maana nilipopangwa na Neema kwenye klabu ya sayansi nilishukuru. Yeye anaongea, mimi naandika msimbo. Tangu kidato cha kwanza tunagawana hata andazi.

Mradi wetu ni wa kumwagilia zabibu kwa matone. Pampu inavuta maji kwenye pipa, na maji yakiisha lazima izimwe upesi, maana ikizunguka kavu inaungua. Kazi hiyo niliipa callback. Kwa asiyejua: badala ya programu kuuliza kila mara kama maji yameisha, unaisajili function yako, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja: unaiachia programu anwani yake, unaiambia, yakiisha, iite hii. Function yangu jina lake zima_pampu. Ilinichukua wiki mbili, na ilikuwa inafanya kazi.

Jana walimu walikuja kukagua ili wachague timu moja ya kwenda maonyesho ya mkoa. Sijawahi kutamani kitu kingine kama nilivyotamani hicho.

Maji ya pipa yakaisha. Taa nyekundu ikawaka, king'ora kikalia, walimu wakapiga makofi. Mimi sikuwahi kuweka taa wala king'ora. Na pampu ikaendelea kuzunguka. Harufu ya nyaya zinazoungua ilinifikia kabla sijafika kwenye swichi.

"Nani kaandika hii?" Mwalimu wa fizikia akauliza.

"Msimbo wote wa Salma, mwalimu," Neema akasema. "Mimi nilimsaidia waya tu."

Hakunitazama. Dakika kumi kabla alikuwa anawaambia walimu wale wale, "sisi tuliamua hivi, sisi tukafikiria vile."

Nikaangalia viatu vyangu. Mwalimu akasema ataamua Jumatatu.

Walipoondoka nikafungua kompyuta ya klabu. Chini ya mstari wangu wa kusajili zima_pampu kulikuwa na mwingine, unasajili function ya taa na king'ora. Nafasi ya callback niliyotengeneza ni moja. Anayesajili wa mwisho ndiye anayekaa. Yangu iliondolewa bila onyo lolote, asubuhi ile ile, mimi nikiwa mstarini na wanafunzi wengine.

Nikamtumia ujumbe: "Uliongeza kitu?"

Akajibu: "Shosti nilitaka ipendeze tu, sikujua itaharibu. Ila usimwambie ticha. Wewe hata ukifokewa unanyamaza, mimi baba hatanielewa."

Nimeusoma mara nyingi mno. Kinachoniuma si taa. Ni kwamba ananijua vizuri hivyo, na ndicho alichokitumia.

Na kuna hili, ambalo sijamwambia mtu. Ile nafasi niliiandika mimi. Mistari miwili tu ingetosha kukataa function ya pili kama ya kwanza ipo. Nilijua. Nikaona uvivu. Nikajiambia, nani ataigusa, tuko wawili tu.

Leo mchana nimeiandika hiyo mistari kwenye karatasi. Haikunifariji.

Kisha nikachukua karatasi nyingine: "Shikamoo mwalimu. Naomba uione hii." Nimeeleza mstari alioongeza Neema, na mistari miwili ambayo mimi sikuweka. Nimejaribu kuisoma kwa sauti. Mara ya tatu Mama akagonga mlango.

"Unaongea na nani humo?"

"Najifunza, mama."

Timu inaweza kuachwa hata nikisema. Naweza kukwama kwenye shikamoo yenyewe. Lakini miaka yote hii kila nilichoandika nimempa Neema akisome mbele za watu.

Hii nitaisoma mwenyewe.