Wimbo wa Tatu wa Haji

Jumatano, baada ya Isha

Nilimngoja Haji miaka sita, talaka akanipa kwa simu. Leo mama yake, Bi Mize, kaniwekea albamu mpya ya mwanawe, ya kwanza tangu awe maarufu. Ni magitaa, na nyimbo za sisi watu wa Makunduchi: jua, mwani, umaskini wetu mzuri. Wimbo wa tatu ni wangu. Humo mimi ni mke aliyeshindwa kungoja.

“Kakuimba vizuri, mwanangu.”

“Vizuri sana, mama,” nikamjibu.

Wiki ijayo ni Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, na Haji anakuja na wapiga picha wake. Wanaume watachapana kwa migomba. Sisi wanawake tutaimba kejeli, na kwa mila yetu anayeimbwa haruhusiwi kununa.

Beti nne nshazitunga. Kiitikio nimemfundisha Bi Mize alasiri. Kakipenda. Hajauliza kinamsema nani.